Nafasi Moja ya Uuguzi

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana mabati ya chuo ninachokisimulia bado hayajashika kutu, palikuwa na kijiji cha Mlongwe huko milimani Upare. Kijana wa Mlongwe aliyetaka kusoma alishuka bondeni, na aliyeshuka hakurudi. Wazazi wakachoka kusindikiza. Wakasema, tujijengee chuo chetu.

Nani ana ardhi ya tambarare mlimani? Namkunda, mjane, mwenye shamba la migomba alimozikwa mumewe. Akatoa nusu. Chuo kikakua. Wakarudi kuomba nusu ya pili, ile yenye kaburi. Namkunda akakataa, akalia, kisha akakubali mumewe ahamishiwe makaburi ya kijiji. Mti wa isale uliooteshwa kaburini akaung'oa kwa mikono yake, akaupanda kando ya barabara. Chuo kikakua.

Mwalimu akapatikana, Mrindoko, fundi wa kuchomelea vyuma. Miwani ya kukinga macho ilikuwa moja tu, na kila siku alimvisha mwanafunzi, yeye akautazama ule mwanga kwa macho matupu. Chuo kikakua, macho ya Mrindoko yakapofuka.

Na kuta je? Kule Upare kazi ya kijiji huitwa msaragambo, na baragumu lisipolia hatoki mtu. Mpigaji alikuwa Kalage, na kwa mila yao mpigaji hapigi kisha akabaki nyumbani. Siku ya kumwaga zege mkewe alikuwa hoi kitandani. Kalage akapiga, akatoka na wenzake. Aliporudi, mkewe alikuwa amekwisha kata roho. Chuo kikakua.

Kikakua, jamani, mpaka sifa zake zikavuka mlima. Vijana wa mbali, wenye alama nzuri kuliko wetu, wakajaza mabweni. Lilipofunguliwa darasa la uuguzi, mkuu wa chuo, mtu mpole asiyejua habari za isale wala za baragumu, akasema imebaki nafasi moja tu ya mtoto wa kijiji. Walioitaka walikuwa watatu: Elinaike binti Namkunda, Niwaeli mwana wa Mrindoko, na Nakiete mjukuu wa Kalage. Alama zao zililingana. Mkuu akawaambia wazee wao wamalizane wenyewe, wamletee jina.

Wakakutana kwa Namkunda, watu waliokuwa wakila sahani moja.

Mrindoko akasema, "Mama Elinaike, Niwaeli ndiye anayenishika mkono. Akisomea hapa, jioni atarudi kwangu. Akishuka bondeni, mimi nimekwisha."

Kalage akasema, "Siku ile bibi yake anakufa, Nakiete alikuwa naye ndani peke yake. Mtoto mdogo, hakujua la kufanya. Tangu hapo hataki kusomea kitu kingine."

Namkunda akasema, "Mimi sina tena shamba la kumrithisha binti yangu. Mmejenga chuo juu yake."

Waliona haya, kwa kuwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumtajia mwenzake alichokitoa. Mwisho Mrindoko akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni.

"Ardhi ilikuwa yako," akasema. "Amua wewe."

Kalage akaitikia hivyo hivyo. Wakaondoka bila kuagana, na hilo lilimuuma Namkunda kuliko yote yaliyosemwa.

Asubuhi akaenda chuoni. Alipofika penye isale akasimama. Akimtaja Elinaike, rafiki zake hawatakanyaga tena kwake. Akimtaja wa mwenzake, binti yake atashuka bondeni, naye anawajua wanaoshuka. Akamuuliza mumewe, kwa sauti kabisa, watu wanapita. Kisha akakumbuka kwamba mumewe hayuko pale, alikwisha kumhamisha mwenyewe.

Mkuu anamngoja mlangoni. Nami nimeshindwa kumvusha pale barabarani, tangu nianze kuisimulia hadithi hii. Nyinyi mnaonisikiliza, mpeni jina la kulitaja. Je, nani alistahili?