Nyumba ya Wasio na Makazi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na wakubwa pia, maana hii inawahusu zaidi.

Hapo zamani za kale, moto uliunguza kichaka cha mama mmoja, Digidigi. Kichaka chote, majivu. Alitoka na mwanawe tu, na mwana mwenyewe alikohoa kwa moshi, koho, koho, koho. Na mawingu ya masika yalikuwa yameshajaa.

Digidigi hakuogopa sana. Alijua nyumba ipo. Wanyama walikuwa wameijenga msimu ule ule, nyumba ya kupokea wasio na makazi. Muhanga alichimba, Tembo akabeba magogo, Mnana akasuka paa. Wakachagua kamati. Kamati ikamchagua mwenyekiti, Bwana Ngiri, mwenye moyo mzuri na meno makubwa. Kila aliyepita alisema, kwa kweli tumefanya jambo.

Digidigi akatembea, tipu, tipu, tipu, mtoto nyuma, koho, koho. Akafika. Mlango mzuri. Nyasi kavu zimetandikwa. Ndani hamna yeyote.

Bwana Ngiri akampokea vizuri sana. Akampa pole ya moto, akampa pole ya mtoto, akauliza habari za ndugu zake wote. Kisha akaomba barua.

"Barua gani, baba?"

"Ya utambulisho, mama. Kutoka kwa mjumbe wa unakoishi. Hatupokei mtu tusiyejua anakaa wapi."

"Ninakoishi kumeungua."

"Pole sana. Basi mjumbe wa huko aandike hivyo."

Digidigi akarudi, tipu, tipu, tipu. Mjumbe alikuwa Bi Kanga. Naye, kwa huruma kabisa, akamweleza kwamba yeye huwaandikia wakazi wa kichaka, na kichaka hakipo tena, kwa hiyo wakazi nao hawapo. Akamshauri atafute kwanza pa kukaa. Barua angepata siku hiyo hiyo.

Mvua ikaanza, chwaa. Digidigi akarudi mlangoni. Bwana Ngiri alisikitika mpaka machozi yakamlengalenga. Akamwambia kamati ingekaa Alhamisi. Akamruhusu asimame chini ya upenu, lakini upenu ulikuwa mfupi, Mnana aliishiwa nyasi.

Mtoto akakohoa. Kisha akaacha kukohoa, akawa anatetemeka tu, na hilo lilimtisha mama kuliko kikohozi.

Akapita Nungunungu. Wengi hawampendi. Hana maneno matamu, na ukikaa naye lazima ujiangalie. Akamtazama mtoto. Hakuuliza hata jina.

"Huyo analowa," akasema. "Njooni. Piteni mbele yangu, si nyuma."

Shimo lake lilikuwa dogo, linanuka mizizi. Alijibana ubavu mmoja mpaka mvua ilipokatika, miiba yote kaigeuzia ukutani asimchome mtoto. Hakulalamika, lakini Digidigi aliona alivyoinuka kwa shida. Mtoto alikuwa amepata joto. Akaomba kunyonya.

Alhamisi kamati ikakaa. Ikaona nyumba haina hata mmoja, ikafurahi, ikaandika kwamba mwituni hakuna tena asiye na makazi. Sherehe ikapangwa. Lakini mgeni rasmi, Simba, akatuma salamu kwamba angependa kuwaona waliosaidiwa, hasa walionenepa.

Bwana Ngiri mbio, puku, puku, puku, mpaka shimoni kwa Nungunungu.

"Mama, heri nimekupata. Sasa una pa kukaa, Bi Kanga ameshaandika. Njoo upokelewe."

Digidigi akaitazama barua. Ilikuwa barua nzuri.

"Imeandikwa ninaishi hapa."

"Ndiyo, mama."

"Basi, baba, huko kwenu nifuate nini?"

Bwana Ngiri akaichukua barua, akaikunja. Akasema hilo ni swali zuri, atalifikisha kwenye kamati.

Nungunungu akakoroma kidogo, akageukia ubavu wa pili, na mtoto akajisogeza palipobaki nafasi.

Funzo ni hili: aliye mvuani mwingize ndani kwanza. Maswali yako atayajibu akishakauka.

Hadithi yangu inakomea hapo. Mwenye mtoto na amfunike.