Kibuyu cha Kura Mkononi mwa Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Nyie watu wazima, mbona midomo mmeifunga? Hii ni yenu zaidi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale homa iliingia mwituni. Leo kafa huyu, kesho kafa yule. Nyani akaja na dawa. "Nunueni," akasema, "inaponya." Simba mfalme akakataa. "Maneno tumeyachoka. Wagonjwa wapigiwe kura. Hawa wanywe dawa, wale wanywe maji. Tuone nani atapona."

Haki, sivyo? Haki tupu! Ila kibuyu cha kura alikishika nani? Nyani, mwenye dawa yake.

Ndani mlikuwa na mbegu. Nyekundu ni dawa, nyeusi ni maji. Nyani akakitikisa kibuyu. Cheke, cheke, cheke! Akaja Nyati, kifua kipana, homa imemgusa tu. Nyani akatoa mbegu, nyeusi. Akamtazama Nyati. "Lo, imeniponyoka!" Akairudisha, akatoa nyingine. Nyekundu. Nyati akanywa dawa.

Akaja Mama Digidigi na mwanawe, kitoto mbavu nje, miguu haimbebi. Cheke, cheke, cheke! Ikatoka nyekundu. Mama aliiona kwa macho yake, akafurahi mno. Nyani akamtazama mtoto. "Lo, imeniponyoka!" Ikatoka nyeusi.

"Baba Nyani, ilikuwa nyekundu!"

"Uchungu wa mzazi huo, mama. Kura ni kura. Mpe maji."

Akampa maji. Mtoto akalegea, akalegea, akafa.

Nyati akapona. Angepona hata kwa kulamba umande! Wenye nguvu walipona, wanyonge wakazikwa. Ndu! Ndu! Ndu! Nyani akapiga ngoma. "Waliokunywa dawa wako wapi? Hawa hapa! Waliokunywa maji wako wapi? Makaburini!"

Mama Digidigi akasimama mbele ya Simba. "Mfalme, huyu alichagua. Wenye nguvu kawapa dawa, mahututi kawapa maji. Kaburi la mwanangu ndilo analojisifia."

"Wivu wa mfiwa," akasema Nyati. Wanyama wakacheka. Simba akatazama pembeni, maana dawa alikwisha kuinunua. Mama Digidigi akaenda zake.

Homa ikarudi. Safari hii hata wanyonge walinywa dawa. Wakafa vilevile. Mtoto wa Simba alikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Naye akanywa, naye akafa.

Simba akaenda mlangoni kwa Mama Digidigi, analia. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mfalme. Ulikuwepo."

Akafunga mlango.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: mwenye dawa asishike kibuyu cha kura. Akiiona mbegu na akamwona mgonjwa, atachagua. Na akichagua, vifo vya wanyonge vitakuwa sifa ya dawa yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, na wala haikuishia pazuri.