Nafasi ya Mwisho Chekechea

Chekechea ya mtaani ilibakiwa na nafasi moja tu, na Mwalimu Perpetua akatoa sharti: "Atakayelia kabla ya uji, anarudi kwao."

Bwana Mangula mwenye malori alimleta mwanawe na keki, baiskeli na yaya wawili. Bi Mwanamvua, muuza vitumbua, alimleta mjukuu wake Kombo, ambaye alikuwa akilia hata paka akitoka nje.

"Huyo wako, bibi, ataangua kilio hujafika getini," Mangula akatamba.

"Tutaona, mwanangu." Bibi akamnong'oneza Kombo sikioni, akatoka kungoja nje bila kugeuka nyuma.

Aliyeangua kilio ni mtoto wa Mangula. Uji ukaletwa, Kombo kimya.

"Umemlisha nini?" Mangula akafoka.

"Maneno tu, mwanangu. Chungulia."

Mle darasani Kombo alikuwa akimpigapiga Mwalimu mgongoni. "Nyamaza, Mwalimu. Mama yako kakuacha, lakini atakuja kukuchukua. Bibi kaniambia nikae nawe usilie."

Mwalimu, ambaye hakuwahi kubembelezwa na mtu pale shuleni, alijikuta akipangusa machozi. "Nafasi ni yako, baba. Na kesho utakuja?"

"Ukilia," Kombo akasema, "siji."