Kanga na Nyayo za Jabalini

Ngano hii kwanza aliisimulia bibi yetu mzaa baba, Somoe Nantanga, Juni 1961, tukipukuchua mahindi. Alianza hivi:

"Unyayo!"

"Wa nani?"

"Wa aliyepita!"

"Mwache apite, hadithi ije!"

Hapo kale, Mama Pimbi aliamka asubuhi, mwanawe hayupo. Mvua ilikuwa imeosha udongo wote juu ya jabali. Akaona nyayo: vidole vitatu, kucha kali, vidole vitatu, kucha kali. Zimezama katika jiwe kama kidole katika ugali.

"Kanga amemla mwanangu!"

Kobe, aliyekuwa kadhi, akaamua: "Mguu una vidole vitatu. Kanga ana vitatu. Basi mayai yake yaporomoshwe bondeni."

"Babu, mimi hula mchwa!"

"Umewachoka!" alifoka Mama Pimbi.

"Nipimeni kwanza." Kanga akaweka mguu katika unyayo. Ukapotea kama punje kinuni.

"Jana ulikuwa mkubwa," alisema Mama Pimbi. "Uchu huvimbisha."

Kanga akakanyaga jiwe. Ta! Ta! Ta! Hakuna alama.

"Anakanyaga kwa hila!"

Kobe akajikuna shingo. "Hata mimi sielewi. Tuzifuate."

Wakazifuata, wakazifuata, wakazifuata, hadi zikaingia chini ya genge. Juu yake mwamba, juu ya mwamba kilima.

"Alipitaje hapa?" aliuliza Kobe.

"Labda kilima kilikuja yeye ameshapita," alisema Kanga.

"Kilima kina miguu? Nacho kina vidole vitatu?"

Sauti ikatoka ufani: "Mama, mbona kelele? Nilikimbia mvua, nikalala."

Mama Pimbi akamkumbatia mwanawe, akamnusa, akamhesabu vidole. Kisha akageuka: "Sasa huyu wa jabalini alimla nani?"

Kobe akanong'ona: "Bibi yangu alisema jiwe hili lilikuwa tope. Nikadhani amezeeka."

"Mayai yangu yanapoa," alisema Kanga, akaenda zake bila kuaga.

Unyayo husema mguu ulipita. Hausemi ulipita jana. Bibi alifungia hapo: "Nami nimepita, nyayo nawaachia. Asinisingizie mtu kuku wake."

Tulisikiliza watatu. Bibi Somoe alifariki 1974, kaka Mfaume 1998. Tupo dada Asumini na mimi. Kuhusu Kobe, hatujapata taarifa.