Dawa ya Mtu Mmoja

Sogeeni karibu. Nina kisa kilichoninyima raha miaka mingi, na leo nakitua mabegani mwenu.

Zamani za wakoloni, ugonjwa wa malale uliingia kijiji cha Isengwa. Mtu alisinzia akila, akasinzia akitembea, hadi siku moja asiamke tena. Akaja daktari wa Kizungu kuuchunguza. Hakuijua nyika wala watu wake. Waliomsaidia kuliko wote walikuwa watatu.

Lutonja alijua kwamba mbung'o hupenda rangi nyeusi. Alijifunga kaniki mgongoni akapita vichakani, nzi hao wakitua juu yake na kumuuma, mwenzake nyuma akiwanasa kwa wavu. Kwa miaka miwili mgongo wake ndio uliokuwa mtego.

Nshoma alikuwa mama wa mabinti wawili. Milembe, yule mkubwa, alipofariki, daktari aliomba kumpasua kichwa aone ugonjwa umefika wapi. Ukoo mzima ulikataa. Nshoma akasema, "Mchukueni. Labda atapona mtoto wa mwenzangu." Tangu siku hiyo ndugu zake hawakumsalimia.

Zefania alisomeshwa misheni, na macho yake yalikuwa makali. Kutwa alichungulia hadubini, akiuelekeza mwanga wa jua ndani yake kwa kioo kidogo cha chini. Ni yeye aliyemwona mdudu wa malale tumboni mwa mbung'o wa Lutonja, kisha akamwona huyo huyo ndani ya ubongo wa Milembe. Lakini jua lile lilimla macho. Ikawa mkewe, Wande, ndiye anayemshika mkono kila alikokwenda.

Daktari akaandika kitabu. Jina la nani lilikaa juu yake, hamna haja ya kuniuliza. Siku ya kuondoka, alimwachia Kasanda, dresa wa zahanati, kisanduku cha dawa mpya.

"Inamtosha mtu mmoja," alisema. "Ukiigawa, haitamponya yeyote. Mpe anayestahili kati ya wale watatu na watu wao."

Akapanda gari lake. Kuamua hakukuona kuwa ni kazi yake.

Wakati huo Lutonja alikuwa ameshaanza kusinzia. Minza, binti aliyembakia Nshoma, naye alikuwa akisinzia. Na Wande pia.

Asubuhi wakakutana zahanati.

"Ugonjwa huu sikuupata nyumbani kwangu," alisema Lutonja. "Nimeupata kazini."

"Ni kweli, kaka," akajibu Nshoma. "Ila mimi mmoja nilishamtoa. Na huyu nimtoe?"

Zefania akageukia ilikotoka sauti ya Nshoma. "Mama Milembe, mke wangu hakuchunguza chochote, najua. Lakini akifa, nani atanishika mkono kwenda kumzika?"

Kasanda aliomba radhi, akaenda nyuma ya zahanati akalia. Mimi simcheki. Hata kukisimulia tu kisa hiki kunaniumiza.

Aliporudi, Lutonja alikuwa akimtazama Minza, aliyelala magotini pa mama yake.

"Mpeni mtoto," Lutonja akasema. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya kisanduku, na hakuuondoa. Hakuna aliyemlaumu.

Haya, wenzangu. Msiniambie mngeigawa, wala msimtafute daktari, ameshafika kwao. Sindano imechemshwa, na Kasanda anangojewa. Kama wewe ndiye Kasanda, ungemwita nani? Na wale wawili waliobaki, ungewaambia nini?