Alfajiri ya Mghoi

Mpamba alfajiri hukutwa na magharibi. Mmenisikia nikimwambia hivyo Wakesho, anayejikwatua tangu asubuhi na harusi inamsubiri, mkacheka, kisha mkauliza neno hilo limetoka wapi. Halikutoka harusini. Lilianza hivi.

Huku kwetu milimani palikuwa na msichana aitwaye Mghoi, mwenye mwandiko wa kupigiwa mfano. Mwalimu Mwakio alizibandika insha zake ukutani, na zote zilianza alfajiri: majogoo wakiwika, umande ukimeremeta, jua likichungulia. Mwalimu aliyapenda mapambo hayo kupita kiasi. Doa hakulivumilia hata moja. "Karatasi chafu mtahini haisomi," alizoea kusema, na Mghoi akayameza maneno hayo mazimamazima.

Mtihani wa mwisho ndio ungeamua nani aende sekondari, na shule yao haikupokea wa kurudia darasa. Insha ilikuja alasiri. Watahiniwa walitakiwa wasimulie mkasa wa moto ulioteketeza soko usiku. Usiku, jamani. Lakini Mghoi hakujua mlango mwingine wa kuingilia insha, akaanza na majogoo. Alijiambia kuwa sokoni atafika tu.

Jua la insha lilipokuwa likichomoza, kalamu ikavuja. Mghoi akanyoosha mkono.

"Naomba karatasi nyingine, mwalimu."

Msimamizi, mama mtu mzima aliyetoka shule nyingine, akainama akaangalia. "Doa dogo hili, mwanangu. Piga mstari uendelee."

"Itakuwa chafu."

"Karatasi zipo. Saa ndiyo sina nyingine ya kukupa."

Mghoi akaipokea karatasi. Akainakili alfajiri yake upya, polepole, kila herufi mahali pake. Akaongeza ndege. Akaongeza upepo mwanana. Kengele ilipolia, msimulizi wake alikuwa ndiyo kwanza ananawa uso. Soko halikuwa limetajwa, wala moto haujawashwa.

Mwalimu Mwakio alimngoja langoni, jua likizama nyuma ya mlima.

"Umeandika nini?"

"Alfajiri, mwalimu."

"Halafu?"

"Halafu kengele."

Mwalimu alijua ni nani aliyemfundisha alfajiri ile. "Tumepamba alfajiri, Mghoi," akasema, "na magharibi imetukuta." Wakaachana pale pale.

Matokeo yalipotoka, wenzake walioandika kama kuku wanaparura walikwenda sekondari. Mghoi alibaki na jembe. Mwandiko wake ni mzuri hadi leo, ila hana wa kumwandikia. Majogoo wakiwika, wengine huamka. Yeye huvuta blanketi akajifunika uso, na kusubiri wanyamaze.

Haya, Wakesho, funga kilemba chako twende. Mpamba alfajiri hukutwa na magharibi.