Bangili ya Mama Nakiete

Hadithi hii ni nusu tu. Nusu nyingine mnayo ninyi mnaosikiliza.

Mama Nakiete alikuwa na binti watatu. Nakijwa alisikia yasiyosikika na wengine. Naelijwa aliielewa maana ya jambo kabla halijaelezwa. Namkunda, kitinda mimba, alijaliwa ulimi: akisema, hata mgomvi aliketi akasikiliza.

Kiharusi kilimfunga Mama kinywa, akafa na neno moyoni. Namkunda alikuwa safarini. Tangu hapo alitamani jambo moja tu: kuisikia tena sauti ya mama yake.

Baada ya arobaini, Nakijwa alianza kusikia mchi ukitwanga katika kinu kitupu, kila mchana. Mapigo matatu, kisha kimya.

"Mama hajamaliza kusema," aliwaambia wadogo zake.

Naelijwa hakusikia kitu. Alikaa kando ya kinu siku saba, dada yake akimhesabia mapigo. Siku ya nane alikumbuka: ndivyo Mama alivyobembeleza watoto, mapigo matatu mgongoni, kisha anatulia. Na nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi dogo la mtoto wake wa kwanza, aliyezikwa bila jina. Mama alitaka apewe jina. Naelijwa akaenda kwa wazee, akababaika.

"Siku hizi vinu vinatuma ujumbe, mwanangu?" Baba Mkubwa alimcheka.

Ndipo Namkunda akasimama mbele ya ukoo. Aliwaeleza jinsi mtoto anavyolala miaka arobaini bila wa kumwita. Wazee wakainama. Baba Mkubwa mwenyewe akatamka jina: Kiangi. Mchi ukanyamaza.

Katika ukoo huo, bangili ya marehemu huvishwa mmoja tu, yule aliyelitoa neno lake. Huyo peke yake ndiye ambaye marehemu humjia ndotoni na kusema naye.

"Bila sikio langu mngekipita tu kinu kile," alisema Nakijwa.

"Ulisikia kishindo, dada. Neno nililipata mimi," alijibu Naelijwa.

"Ukalipeleka kwa wazee, ukarudi nalo," alisema Namkunda, kisha akajuta. Yeye hakusikia wala hakung'amua. Lakini Kiangi ana jina kwa kinywa chake. Na tangu msiba, usingizi wake ni mtupu; hakuna anayemjia.

Baba Mkubwa ameishika bangili. Mbele yake imenyooshwa mikono mitatu. Mama anangoja kujua aende kwa nani.

Je, wewe ungemvisha yupi?